Fundi Aliyekataza Moshi

Kabla magoti hayajaanza kunigomea nilikuwa utingo kwenye lori la tajiri mmoja wa Chalinze. Tulipakia nanasi, siku nyingine mbao, siku nyingine kitanda cha bibi harusi na godoro lake, nami nalala humo humo kwenye godoro la watu mpaka mjini. Siku moja, masika imechachamaa, lori likazima karibu na njia panda. Sisi tukarukia boneti. Dereva wetu, mtu wa tumbo na mtaratibu, akatuambia tuiache. Akanunua mayai ya kuchemsha, akakalia tairi la akiba, akawa anamenya na kutuuliza mmoja mmoja: asubuhi ulifanya nini? Mimi nikasema nimetia maji. Mwenzangu akasema ameosha injini kwa ndoo ing'ae, maana tajiri alisema atakuja kuitazama. Dereva akatia chumvi kwenye yai, akasema basi tungoje ikauke, na yai jingine lije. Ikakauka, ikawaka, tukaenda zetu.

Jina la dereva yule limenitoka kabisa. Mayai nayakumbuka, na chumvi yake ilichanganywa na pilipili ya kusaga. Miaka mingi sikumfikiria, mpaka nilipomwona mtu mwingine, mbele ya mashine ya namna nyingine kabisa, anaacha kuifungua, anavuta kigoda, anaketi, anatuuliza: asubuhi mlifanya nini?

Huyo ndiye fundi ninayetaka kumsema.

Ukoo wake nauacha. Mwenyewe ukimuuliza katokea wapi alikuonyesha sakafu, kwamba hapa hapa, na ukizidi kumchimba anakuuliza kama umevua viatu. Jina nalo silitaji kwa sababu hatukulitumia. Kwa majina alikuwa mbovu kuliko watu wote niliowahi kuwajua, basi kila mtu akamwita kwa kazi yake. Mimi mlinzi wa mchana nilikuwa Mlango. Mkuu wetu, binti mmoja aliyetoka Dar na shahada zake, alikuwa Ofisi.

"Shikamoo, fundi," anasema binti.

"Marahaba, Ofisi."

Na sisi tukamwita Fundi, yakaisha.

Nyumba yenyewe ni ya mawe, ya zamani, hapa Bagamoyo, ukiegemea ukuta unaondoka na chokaa mgongoni. Humo ndani watu wanahifadhi sauti. Wamezunguka na vinasa sauti kwa miaka, Mbegani, Makurunge, mpaka vijiji vya Wakwere huko ndani, wakirekodi wazee, ngoma, maulidi, hadithi, hata matusi ya utani. Sauti zinaingia kwenye kompyuta, na nakala yake inaingia kwenye kanda. Mimi nilidhani kanda zilikufa na redio kaseti. Ofisi akanieleza, akicheka kidogo lakini kwa adabu, kwamba hizi ni kanda za kompyuta, moja ndogo kama kipande cha sabuni inameza ngoma za mkoa mzima, na ukiiweka kwenye rafu haili umeme, inakungoja tu.

Mashine ya kanda ilikaa chumba cha baridi. Ni kabati refu la chuma lenye kioo mbele. Ndani kuna matundu, kila kanda na tundu lake, na kibandiko cha mistari kama vile vya bidhaa za dukani. Katikati kuna mkono. Mkono huo, wallahi, ndio ulionifanya niipende kazi. Ofisi anabonyeza kitu kwenye kompyuta, mkono unaamka, unapanda, unakagua vibandiko kama mama anayechagua nyanya sokoni, unachomoa kanda, unateremka nayo mpaka kwenye mdomo, unaulisha. Midomo ilikuwa miwili, wa juu na wa chini. Fundi aliiita draivu. Mimi naiita midomo kwa sababu ndiyo inayosoma. Mara ya kwanza nilipoona mkono ule ukifanya kazi nilipiga makofi peke yangu, na Fundi, badala ya kunicheka, akauambia ufanye tena.

Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama, na kofia ya kushonwa kwa mkono. Mfuko wa shati ulikuwa na bisibisi na kashata. Chakula kisiingie chumba cha baridi, hiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza, na kashata ile iliingia na kutoka naye kila siku. Nilipomwonyesha akasema kashata ikiwa mfukoni ni mzigo, inakuwa chakula ikifika mdomoni.

Sheria ya pili ilikuwa kimoja kimoja. Mashine ikigoma, badilisha kitu kimoja, ngoja, tazama. Ukibadilisha viwili ikapona hutajua kipi kilikuwa kibaya, na ugonjwa utakurudia huku ukiuchekea. Sheria hii aliipeleka mpaka kwenye sahani. Mchuzi ukiwa umepooza hatii chumvi na ndimu pamoja. Anatia chumvi, anaonja, anatazama dari, ndipo anafikiria ndimu, na wali umeshapoa. Aliwahi kuumwa tumbo akapewa dawa za namna mbili. Akameza moja tu, akalala na maumivu yake, ajue ni ipi itakayomponya. Mkewe alikuja mpaka getini kunishitakia mimi. Nikamwambia, shemeji, mimi Mlango tu.

Basi masika moja paa likavuja, mashine ikahamishiwa chumba cha mwisho wa ukumbi. Haukupita muda, radi ikapiga nguzo ya umeme pale nje, na kompyuta kubwa iliyokuwa na sauti zote ikaungua mpaka ikanuka. Ofisi alilia. Fundi akamwambia, mwanangu, usilie, tuna kanda. Akaiambia mashine isome. Mdomo wa juu ukameza kanda, ukanguruma, ukaitema. Taa ya njano. Mdomo wa chini ukasoma kidogo, nao ukatema.

Sasa hapa niseme habari yangu, maana mimi ndiye niliyekuwa na roho juu kuliko wote.

Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwimbishaji wa vugo, ile ngoma ya wanawake ya kugonga pembe harusini. Watu wa ofisi hii walimrekodi uani kwetu, zamani, akiwa na sauti yake yote. Katikati ya wimbo jogoo akaruka juu ya mkeka. Mke wangu akamfukuza kwa sauti ile ile, kwa mapigo yale yale, na wenzake wakamwitikia kama vile ni ubeti wa wimbo. Hadithi hii nimeisimulia miaka mingi, na wajukuu zangu wanasema babu anatia chumvi. Kaseti tuliyokuwa nayo nyumbani ililiwa na redio. Sasa mjukuu wangu Mwanaidi amechumbiwa, na hataki bendi wala muziki wa kukodi. Anataka bibi yake amwimbie. Nikajigamba mbele ya wakwe kwamba hilo ni jepesi, kazini kwetu kuna mashine. Nimemaliza kujigamba, radi ikapiga.

Nikaenda kwa Fundi nikamwomba aitafute kanda ya mke wangu aijaribu hiyo tu. Akakataa.

"Mdomo mchafu ukisoma kanda unaikwangua," alisema. "Leo utasikia nusu, kesho hutasikia kitu. Tutajaribu na kanda tupu. Mashine ikipona ndipo tumtie bi mkubwa."

"Harusi imekaribia, Fundi."

"Pilau itaiva hata bila mashine."

Neno hilo liliniuma. Tukanuniana. Chai tulikunywa meza moja, kila mtu na ukuta wake. Lakini nikimchungulia niliona hata kashata haili, anaishika tu.

Akaanza kimoja kimoja. Kanda tupu inayojulikana kuwa nzima akaitia mdomo wa juu, ikatemwa. Ile ile mdomo wa chini, ikasomwa, kesho yake ikatemwa. Kwa hiyo kanda haina kosa. Akabadilisha waya. Ikatemwa. Akatia kanda ya kusafishia, ambayo haina sauti, kazi yake kuusugua mdomo kwa ndani. Mashine ikatulia nusu siku, halafu ikaiomba tena, na tena, kama mtoto anayedai maziwa. Dar wakaleta mdomo mpya kabisa. Tuliufungulia boksi kama tunamtoa mwari ndani. Ukasoma vizuri, sisi tukashangilia, Ofisi akanunua soda, nami nikampa Fundi mkono. Wiki haikuisha mdomo mpya ukatema kama mzee.

Fundi akavuta kigoda, akaketi, akatuuliza: asubuhi mlifanya nini? Akasema mtoto akiogeshwa kila saa na bado ni mchafu, acha kumwogesha, tafuta tope liko wapi.

Hapo ndipo nilipomwona akiwa mkali. Aliziba nyufa za ukuta, chokaa isianguke. Ofisi akarudishwa mlangoni kwa sababu ya poda ya uso, akafuta huku akicheka. Dawa ya mbu ya kuwasha ikatupwa. Siku moja akaja getini, na mimi ni mkubwa kwake japo kwa miaka michache, akanitoa sigara mdomoni, akaizima ndani ya chai yangu. Nikamwambia geti liko mbali. Akasema upepo hauna mbali. Moshi, alisema, ndio adui. Moshi una mafuta, mafuta yanashika vumbi, vumbi linakaa kwenye mdomo, na mdomo ukishakuwa na ukoko hausomi.

Akatukusanya ukumbini, akasimama na mgongo kwenye dirisha, akauliza nani anawasha kitu humu ndani. Ofisi akasema hakuna. Mimi nikasema yangu imezimwa kwenye chai, kila mtu anajua. Akasema na yeye hawashi kitu. Na nyuma yake, pale dirishani, chetezo chake kilikuwa kinafuka udi, uzi mwembamba unapanda, unapinda, unaingia ukumbini. Ofisi akavuta pumzi akasema afadhali mahali pananukia. Tukaafiki sote, tukatawanyika.

Nikueleze wewe usiye wa pwani. Kwetu udi si moshi. Moshi ni wa kuni, wa sigara, wa pikipiki. Udi ni harufu. Mgeni anafukizwa, nguo zinafukizwa, mtoto mchanga anafukizwa, na hakuna aliyewahi kusema nyumba imejaa moshi. Chetezo kile alikiwasha kila asubuhi tangu siku ya kwanza ya kazi, kuondoa harufu ya unyevu wa kuta. Udi wenyewe mkewe aliupika nyumbani kwa sukari na marashi, ukawa mzito, mtamu, unakufuata mpaka sokoni. Ungetuapisha msikitini tungeapa nyumba ile haina moshi, na huku tumefukizwa mpaka kope.

Harusi ilikuwa imebaki wiki chache. Mwanaidi akaja getini mwenyewe, akaniamkia, akaniuliza bibi atakuja au hatakuja. Nikamwambia atakuja. Nilisema hivyo nikiwa sina hakika hata ya chai yangu. Fundi alikuwa amesimama nyuma ya geti, akasikia. Akarudi ndani akitembea mbio mbio, yeye ambaye siku zote alitukataza kukimbia karibu na mashine.

Nikamfuata. Aliligeuza kabati, akafungua mgongo wake, mahali penye feni zinazovuta hewa. Feni hizo zilitazama mlango, na mlango unatazama ukumbi. Akachomoa chujio la feni. Lilipaswa kuwa jeupe. Lilikuwa la rangi ya chai ya rangi, linanata kama halua. Akalisugua kwa kidole. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna fundi niliyewahi kumwona akilifanya: akalinusa. Akafumba macho. Akalinusa tena.

"Mlango, njoo. Nusa."

Nikainama.

"Udi," nikasema.

"Wa nani?"

Ndugu yangu, udi wa mwanamke unajulikana kama mkono wake kwenye mchuzi. Nikamtazama. "Wa shemeji."

Alikaa kwenye kigoda akacheka mpaka kofia ikaanguka. Nami nikacheka, tukashikana mabega kama walevi, na Ofisi akaja mbio akidhani kumetokea shoti. Kucheka kulipokwisha Fundi akasema polepole, "Nimemtoa mtu mzima sigara mdomoni." Kisha akahesabu kwa vidole yale aliyokuwa anatuuliza kila siku. Nini kilibadilika? Si udi, udi ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba paa lilivuja, tukaichukua mashine tukaipeleka kwenye udi, tukaigeuzia pua.

Akamweleza Ofisi yote, wazi, sote tukisikia. Binti akamwambia asijali, sote tulikuwa tunanusa.

"Ninyi mlinusa," Fundi akasema. "Mimi ndiye niliyewasha."

Akakizima chetezo, akamwaga jivu nje kwenye maua, akakifunga kwa gazeti.

Zikafuata siku za kusafisha. Chujio jipya, kanda ya kusafishia, kitambaa kisichotoa nyuzi, kila tundu, kila reli ya ule mkono. Halafu kungoja. Nilitamani kuivunja sheria yake ya kimoja kimoja kwa nyundo. Kanda tupu ikasomwa, kesho ikasomwa, wiki ikaisha inasomwa. Ndipo akaniita, nikaacha geti na mtu wa duka la jirani, nikavua viatu.

Ofisi akabonyeza. Mkono ukaamka, ukapanda, ukapita kibandiko hiki na hiki, ukasita, ukachomoa. Ukateremka. Mdomo ukameza. Ukanguruma, nami nikasoma kila dua ninayoijua na nyingine za kuunga. Fundi aliweka kiganja ubavuni mwa kabati, kama unavyomshika ng'ombe anayezaa. Taa ikawa ya njano. Ikakaa njano. Ikawa ya kijani.

Kwanza tulisikia ua wetu. Sufuria, mtoto analia, mtu anakohoa. Halafu pembe. Halafu yeye. Sauti ile ilikuwa na mkwaruzo mdogo mwanzoni, nilikuwa nimeusahau. Alikuwa anaimba kama mtu anayejua kwamba ugali wake uko jikoni na hautaungua. Nikainua kidole, nikawaambia ngojeni, ngojeni. Na kweli, ghafla mabawa, pata pata, naye bila kukosa pigo moja:

"Shuka mkekani, jogoo, mwenye harusi si wewe!"

Na wanawake wote: "Si wewe!"

Nilipiga meza mpaka bisibisi zikaruka. "Niliwaambia miaka yote hii!" Ofisi analia na kucheka. Fundi ameinamisha kichwa, anapiga mapigo ya vugo kwa kidole kwenye kabati.

Siku zilizofuata akamshika Ofisi akamfundisha. Kubadilisha kanda, kuusikiliza mdomo, kutazama chujio, kungoja. Alimfanya arudie peke yake, yeye amekaa kwenye kigoda anatazama dari. Mwisho akampa ufunguo wa chumba cha baridi, akasema mikono yake imekuwa mizito. Mimi nilidhani ni ukarimu, wala sikuuliza.

Harusini Fundi alikuja mapema. Kanzu nyeupe, inanukia sabuni tu, nikashtuka, ilikuwa kama kumwona bila kofia. Tulikuwa tumekwisha kusahau kununiana. Kwapani alikuwa na kifurushi cha gazeti. Akamfungulia Mwanaidi: chetezo.

"Kwangu kilinitia aibu," alimwambia. "Kwako kitafanya kazi yake."

Wanawake wakakitia makaa na udi papo hapo, ua ukanukia. Fundi akaiangalia kompyuta na spika, akaangalia upepo unatokea wapi, akaibeba kompyuta akaihamisha upande wa pili, akaegemeza kiti mbele yake. Watu wakamcheka, na yeye akacheka nao. Halafu akampa ishara Ofisi, aliyekuja na nguo zake za sherehe, aianzishe.

Mke wangu akaanza. Mashoga zake waliobaki, wengine hawaoni vizuri, wakazishika pembe zao, wakamwitikia kama aliyeondoka jana tu. Mwanaidi alisimama katikati, hajui alie au acheze, akacheza. Nilikuwa nimeapa sitamwambia mtu habari ya jogoo, wasikie wenyewe. Mabawa yakaja. Ua mzima ukalipuka, wajukuu wote wamenigeukia mimi, na wazee wa kike wanapokezana "Si wewe! Si wewe!" wakijipiga mapaja.

Nikageuka kumtafuta Fundi, nione anavyocheka. Alikuwa pale penye uwazi wa ua, ameinama, anavaa viatu. Alikuwa amevivua kuingia kwenye ua wa mchanga. Akainuka, akaelekeza sikio upande wa spika kidogo, akaniinulia mkono. Nikamwinulia wangu, nikijua anakwenda kununua kashata. Akashika kichochoro, kidole chake kinapiga pajani mapigo ya pembe, akakata kona kwenye duka la vitambaa, na hakurudi, si jioni ile wala ofisini, mpaka leo.